Baiskeli Nne kwa Mfuko Mmoja: Kununua Baiskeli za Milimani kwa Bajeti ya Familia

Tunaishi upande wa juu wa mji wa Arusha, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako lami huishia mbali na mlango wa nyumba na njia inayobaki ni ya vumbi la volkano, mawe yaliyochomoza na makorongo yanayochimbwa upya kila masika. Kwenda mjini ni kushuka, kurudi nyumbani ni kupanda. Vifodi, yaani daladala ndogo, huishia barabara kuu, na kutoka hapo mtu hutembea au hulipa bodaboda shilingi 1,500 hadi 2,000 kwa safari moja. Kwa mtu mmoja anayeshuka na kupanda siku 22 za kazi katika mwezi, hata kwa nauli ya chini, hiyo ni shilingi 66,000, na nyumbani kwetu wanaosafiri kila siku ni zaidi ya mmoja. Hesabu hiyo ndiyo iliyotukalisha mezani mimi na mume wangu, tukaamua kwamba familia nzima, wazazi wawili na watoto wawili, ipate baiskeli zinazouweza mlima huu, na kwamba fedha zote zitoke katika mfuko mmoja wenye kikomo.

Kikomo kilikuwa shilingi 800,000, zilizokusanywa polepole kutoka kwenye kikoba changu na akiba ya mume wangu, na watoto nao walichangia kutoka kwenye kibubu chao ili wajione wamo katika jambo hili. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba shilingi 200,000 kati ya hizo zisiingie sokoni kununulia baiskeli. Baiskeli ya mtumba imekaa miaka kwenye banda la mtu huko Japani, Uholanzi au Ujerumani, kisha ikapangwa kwenye kontena pamoja na nyingine nyingi, ikavuka bahari na kupandishwa lori hadi huku. Mpira umekauka, grisi imekauka, waya za breki zimeota kutu ndani ya mirija yake. Anayemaliza fedha zote katika kununua hurudi nyumbani na chombo kisichoweza kupanda wala kusimama, na hapo ndipo baiskeli nyingi za familia huishia kuegemezwa ukutani. Katika yote nitakayoyasema hapa, hili la kutenga robo ya fedha kwa ajili ya matengenezo ya kwanza ndilo ninalolishikilia kwa nguvu zaidi.

Kabla ya kumuuliza muuzaji yeyote bei, nilikwenda kwa fundi baiskeli wa mtaa wetu, mzee ambaye kibanda chake kiko kando ya barabara chini ya mparachichi. Nilimwamkia, nikamweleza tunachotafuta, kisha nikamwomba anionyeshe alivyo navyo kwenye makasha yake. Kulikuwa na tyubu za inchi 26, raba za breki za V, cheni za gia 7, gololi za ukubwa mbalimbali, waya za breki na za gia, spoku, pamoja na krenki (mikono inayoshika pedali) kuukuu zilizong'olewa kwenye baiskeli zilizokufa. Aliniambia, “Mama, niletee baiskeli ambayo kifaa chake nitakipata hapa hapa mjini, nisije nikakuambia usubiri mpaka kiagizwe Nairobi.” Maneno hayo yakawa kipimo chetu. Bei halisi ya baiskeli huanza kuonekana siku kifaa cha kwanza kinapochakaa, na kwa familia yenye baiskeli nne siku hiyo huja haraka. Baiskeli inayotufaa ni ile ambayo kila kinachochakaa juu yake kinapatikana kwenye makasha ya fundi aliye karibu, hata kama ile iliyo pembeni yake ni nzuri zaidi machoni.

Tulianza kwa kuangalia mpya. Kwa shilingi 300,000 au zaidi kidogo mtu hupata dukani baiskeli inayong'aa, yenye shokapu mbele na nyuma, breki za diski na maandishi makubwa kwenye fremu. Ninaelewa kwa nini watoto huzikimbilia. Lakini mtengenezaji aliyepewa fedha kidogo na kutakiwa aweke vitu vingi hana njia nyingine ila kupunguza ubora wa kila kimoja, na kila shilingi iliyoingia kwenye springi ya nyuma imetolewa kwenye habu (kitovu cha gurudumu), krenki na breki. Viungo ambapo sehemu ya nyuma ya fremu hucheza huwa na vishikizo vya plastiki vinavyochakaa mapema, na vikishachakaa gurudumu la nyuma huanza kuyumba kila unapokata kona. Baiskeli ya namna hiyo huweza kufikia kilo 17 au 18, na mtu anapopanda mlima springi hunywa sehemu ya nguvu anayoikanyagia. Tuliamua kwamba kwa fedha zetu hatutanunua shokapu ya nyuma hata kwa punguzo. Ya mbele tungeikubali ikija na baiskeli nzuri, lakini tusiilipie chochote, na foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) ngumu isiyo na springi ingekuwa bora zaidi.

Wala shokapu si sharti la kupita njia mbovu. Mchezo wa baiskeli za milimani ulishika kasi miaka ya 1970 katika eneo la Marin, California, chini ya Mlima Tamalpais, ambako vijana walichukua baiskeli nzito za Schwinn zilizotengenezwa miongo kadhaa nyuma, zenye matairi mapana ya inchi 26, wakashuka nazo kwenye njia za vumbi. Mashindano yao ya kwanza kwenye mteremko wa Repack yalifanyika tarehe 21 Oktoba 1976, kwa baiskeli ambazo breki yake ya ndani ya habu ilipata moto hadi grisi ikaungua na habu kulazimika kupakwa grisi upya. Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza fremu iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo, mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanzisha kampuni ya kuuza baiskeli hizo, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa baiskeli ya Stumpjumper, iliyozalishwa kiwandani kwa wingi. Foku ya shokapu ya RockShox ilikuja mwaka 1989. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 10 watu walishindana milimani wakitegemea tairi pana, mikono na magoti. Na karibu zaidi na sisi, huko Kikuyu nje ya Nairobi, David Kinjah amewalea waendesha baiskeli wengi katika kundi lake la Safari Simbaz, na Chris Froome, aliyekuja kushinda Tour de France mara 4 kati ya mwaka 2013 na 2017, alijifunza kwake alipokuwa kijana mdogo, wakizunguka vijijini kwa baiskeli za milimani. Ninawataja kwa ajili ya mzazi anayeona haya kumnunulia mtoto baiskeli isiyo na mapambo.

Kuhusu fremu, sokoni kuna za chuma na za alumini. Ya chuma ni nzito kidogo, lakini ikipasuka fundi yeyote wa kuchomelea mwenye mkono mzuri anaweza kuirudisha barabarani. Ya alumini ni nyepesi na haili kutu, ila nguvu yake hutokana pia na namna ilivyopikwa kiwandani baada ya kuchomelewa, hivyo ikipasuka na kuchomelewa mtaani sehemu ile hubaki dhaifu. Sikuikataa alumini kwa sababu hiyo. Niliikagua kwa ukali zaidi. Nyufa hujificha chini ya fremu karibu na shingo ya usukani, kuzunguka mahali krenki inapokaa, na kwenye masikio ya nyuma yanayoshika ekseli. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, kisha angalia juani. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba ni sababu ya kutosha ya kuondoka, na rangi mpya iliyopakwa kwa brashi sehemu moja tu ya fremu inastahili swali.

Katika magurudumu naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hapa ndipo fedha za watu wengi hupotea bila wao kujua. Namba kubwa zinazotajwa sokoni, yaani 26, 28 au 29, hazitoshi kukuambia tairi gani litakaa kwenye ringi yako. Pembeni mwa tairi kuna namba ndogo zilizoandikwa kwa mtindo wa 50-559: ya kwanza ni upana wa tairi, na ya pili ni kipenyo cha mahali linapokaa kwenye ringi, zote kwa milimita. Baiskeli nyeusi tulizozizoea, za kubebea mizigo na mikungu ya ndizi, huitwa 28 na kipenyo chake ni 635. Baiskeli nyingi zinazotoka Uholanzi na Ujerumani nazo huitwa 28, lakini kipenyo chake ni 622. Tairi la 28 lililojaa kila duka la vipuri, kwa hiyo, halifai kwenye ringi ya 28 iliyotoka kontenani, kwa tofauti ya milimita 13. Cha kushangaza zaidi, 29 ya milimani ni hiyo hiyo 622, maana yake ringi yake ni ndogo kuliko ya baiskeli nyeusi ya 28. Ile ya 27.5 ni 584, na ya 26 ya milimani ni 559.

Nilichagua 559 kwa baiskeli za watu wazima bila kusita. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2010 makampuni makubwa yalihama kutoka inchi 26 kwenda 27.5 na 29, na wanunuzi wa nchi tajiri wakazifuata, ndiyo maana 26 nzuri, nyingine za majina yanayoheshimika, hufika huku kwa bei ya chini. Wakati huo huo 26 ndiyo saizi ambayo maduka yetu yanaiwekea matairi na tyubu, kuanzia Kariakoo hadi minada ya vijijini. Aliyeachwa na mitindo huko ndiye anayefaa hapa. Nilitazama pia valvu. Ile nene inayofanana na ya gari hujazwa upepo kwa pampu ya kituo chochote cha mafuta, lakini ile nyembamba ya Kifaransa huhitaji pampu yake au kiunganishi, na tundu la ringi yake ni dogo kwa tyubu ya kawaida mpaka lipanuliwe. Mwisho huinua gurudumu, nalizungusha na kuangalia nafasi kati ya ringi na raba ya breki: likiyumba kidogo fundi hulinyoosha kwa kukaza spoku, lakini likiruka juu na chini, ringi ilishagonga jiwe ikabonyea.

Wauzaji hutaja idadi ya gia kabla ya jambo lingine lolote. “Dada, hii ina gia 21, ile pale ina 24.” Hizo ni sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) 3 za mbele zilizozidishwa kwa 7 au 8 za nyuma, na hazimwambii mtu kama atafika nyumbani. Kinachotufaa sisi wa mlimani ni gia ya chini kabisa, nayo hupatikana kwa kuhesabu meno ya sproketi ndogo ya mbele na ya sproketi kubwa ya nyuma. Gurudumu la inchi 26 lenye tairi la wastani husafiri kama mita 2.07 kwa mzunguko mmoja. Ukiwa na meno 28 mbele na 28 nyuma, kila mzunguko wa pedali unakusogeza hizo mita 2.07. Ukiwa na 22 mbele na 32 nyuma, unasogea mita 1.42 tu, na mzigo mguuni unapungua kwa kiwango hicho hicho. Baiskeli nyeusi isiyo na gia kwa kawaida hupita mita 5 kwa mzunguko, ndiyo maana hata vijana wenye misuli huisukuma kwa mkono wanapofika kwenye mwinuko wa kwetu. Tuliikataa baiskeli moja nzuri ya gia 21 kwa sababu ya 28 kwa 28, na tukaichukua nyingine yenye mikwaruzo iliyokuwa na 22 kwa 32.

Gia 6, 7 na 8 za nyuma hutumia cheni ya upana mmoja, inayopatikana kila mahali na isiyo ghali. Kuanzia 9 kwenda juu cheni huwa nyembamba, bei hupanda na marekebisho huhitaji mkono makini zaidi. Kwa mtu mzito napendelea pia sproketi za nyuma zinazovalishwa kwenye habu yenye meno kuliko zile zinazofungwa kwa kukaza kama nati, kwa sababu katika aina hii ya pili gololi za upande wa kulia hukaa mbali na ncha ya ekseli, na mawe ya njiani huipinda ekseli hiyo. Fundi hutambua tofauti kwa kutazama tu katikati ya sproketi. Simama pia nyuma ya baiskeli na uangalie kama mkono unaohamisha cheni umening'inia wima. Ukiwa umeinama kuelekea spoku, sikio linaloushika limepinda, na siku utakapoingiza gia ya chini kabisa ukiwa kwenye mwinuko, mkono huo utaingia ndani ya spoku.

Breki ndizo zilizotuchukulia muda mrefu zaidi, na sioni kwamba tulikosea kuzipa muda huo, kwa kuwa asubuhi mtoto wetu huteremka njia yote hadi shuleni. Aina za V, zinazobana ringi kwa raba, zilienea kuanzia mwaka 1996 na ziko kwenye baiskeli nyingi za mtumba. Ubaya wake kwetu ni kwamba vumbi la volkano likichanganyika na tope husugua ringi pamoja na raba. Pitisha kidole kwenye ukuta wa ringi: ukihisi umezama katikati, ringi hiyo imeliwa, na siku moja upepo wa tyubu utaupasua ukuta huo, pengine katikati ya mteremko. Breki za diski haziigusi ringi na hushika vizuri hata kwenye mvua. Zile zinazovutwa kwa waya fundi wetu anaziweza, mradi pedi zake ni za umbo linalopatikana. Zile za mafuta ni bora kupita zote zikiwa nzima, lakini kwenye mtumba zikivuja huwa ni tatizo kubwa: nyingine hutumia mafuta ya madini na nyingine mafuta ya breki yanayofanana na ya gari, na ukiweka ya gari kwenye mfumo wa mafuta ya madini, raba za ndani huvimba na kuharibika. Tulichagua za V kwenye baiskeli zote nne. Raba zake hununuliwa kwa bei ndogo, huonekana kwa macho zinapokwisha, na binti yangu anaweza kuzibadilisha mwenyewe.

Siku ya kununua tulikwenda na fundi, tukamlipa posho yake ya siku nzima kwa kuwa tulikuwa tunamwondoa kwenye kazi yake. Wapo wanaoona posho hiyo ni hasara. Mimi naiona kuwa ndiyo fedha tuliyoitumia vizuri kuliko zote. Alishika krenki na kuitikisa kushoto na kulia ili kusikia kama gololi zimechakaa, akabana breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma ili kusikia shingo ya usukani, akanyanyua kiti kuona kama bomba lake limegandia ndani ya fremu. Kwa cheni alitumia futi ya seremala. Kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, cheni mpya hupima milimita 305 kasoro kidogo. Zikifika 306 na nusu, cheni inahitaji kubadilishwa, na zikifika 308 sproketi nazo zimekwishaliwa, hivyo cheni mpya itaruka juu ya meno yake. Kipimo hicho cha dakika moja kilitupatia punguzo mara mbili, kwa sababu muuzaji akiona namba kwenye futi mabishano huwa mafupi.

Baiskeli za watoto zina hoja yake. Wazazi wa huku tumezoea kununua sare ya shule kubwa kuliko mtoto ili aikulie, na mkono huo huo unaishika baiskeli kubwa sokoni. Sare kubwa hukunjwa mikono, lakini baiskeli kubwa humnyima mtoto uwezo wa kuweka mguu chini anaposhtuka, na vidole vyake havifikii breki. Mtoto akisimama na baiskeli kati ya miguu, nyayo zote mbili zikiwa chini, bomba la juu lazima liache nafasi ya sentimita 5 au zaidi. Jaribu pia kama anaweza kuubana mkono wa breki kwa vidole viwili bila kuachia usukani. Mikono mingi ya breki ina skrubu ndogo inayoisogeza karibu. Uzito nao ni wa kupimwa kwa makini, kwani baiskeli ya inchi 24 iliyojaa shokapu hufika kilo 14, na kwa mtoto wa kilo 28 hiyo ni nusu ya mwili wake. Sijui mtu mzima ambaye angekubali kupanda Meru akisukuma nusu ya uzito wake.

Kwangu mimi jambo la urefu wa fremu lilikuwa na uzito wa ziada, kwa sababu mara nyingine huendesha nikiwa nimevaa sketi ndefu na kitenge. Nilitafuta fremu ambayo bomba lake la juu linashuka kuelekea kwenye kiti, na mlinzi wa cheni awepo. Wapo majirani wachache walioniuliza kama inafaa mama wa watu wawili kupanda baiskeli ya gia. Niliwajibu kwamba miguu yangu ndiyo iliyokuwa ikipanda mlima huu tangu zamani, na leo bado napita mbele ya milango yao kila siku.

Bei nilizozikuta zilitofautiana sana kati ya muuzaji na muuzaji, na kati ya mwezi na mwezi. Desemba kila mzazi anataka zawadi, na muuzaji hana haja ya kushuka. Januari, michango ya shule na madaftari yanapobana kila nyumba, baiskeli hazitoki na mwenye mzigo husikiliza. Tulinunua Januari. Ya mume wangu ilikuwa shilingi 210,000, yangu 180,000, ya binti yetu, ya inchi 24, ilikuwa 120,000, na ya mdogo wake, ya inchi 20, ilikuwa 80,000; jumla 590,000. Kwa zile tulizonunua kwa watu binafsi tuliandikiana karatasi ya mauziano mbele ya mjumbe, na ndani yake tukaandika namba ya fremu, ambayo kwa kawaida imegongwa chini, pale krenki inapokaa. Baiskeli iliyokwanguliwa namba hiyo hatukuigusa hata kwa bei ya bure, kwa kuwa kuna mtoto mahali fulani aliyeamka asubuhi akakuta yake haipo.

Akiba ya matengenezo ilifanya kazi yake wiki hiyo hiyo. Fundi alifungua habu zote, akaosha gololi kwa mafuta ya taa, akabadilisha zilizokuwa na madoa na kupaka grisi mpya. Waya zote za breki zilibadilishwa hata zile zilizoonekana nzima, baiskeli mbili zikapata cheni mpya, na matairi mawili yaliyopasuka pembeni yakatolewa. Kilichobaki kilinunua helmeti mpya za watoto, zenye alama ya EN 1078 ndani yake. Helmeti ndicho kitu pekee ambacho sikubali kukinunua mtumba, kwa sababu povu lake likishagonga chini mara moja uwezo wake hupungua hata kama juu hakuna ufa. Za wazazi zilifuata mwezi uliofuata, na hadi zilipofika sisi wawili tulitembea kwenye mteremko mkali.

Matunzo ya kila siku ni madogo, ila hayana likizo. Kwa vumbi letu, mafuta machafu ya injini ambayo watu humwagia cheni hukamata mchanga na kuwa msasa. Tunatumia mafuta ya cherehani, tone moja kwa kila kiungo, kisha tunafuta kwa kitambaa mpaka nje pawe pakavu. Hukauka haraka, kwa hiyo kazi hurudiwa kila Jumamosi. Wakati wa masika tope huoshwa kwa ndoo na brashi, bila kuelekeza maji ya nguvu kwenye habu na krenki, na raba za breki hukaguliwa kila wiki. Nyumbani kuna mkebe wenye tyubu za akiba, viraka, solusheni, pampu, na spana za L za milimita 4, 5 na 6, ambazo hufungua karibu kila kitu kwenye baiskeli hizi.

Kwa kuwa zote nne zina breki za aina moja, na cheni zake ni za upana mmoja, kifaa kikitoka kwenye moja huweza kuokoa nyingine. Binti yetu ameshaanza kunyoosha magoti kupita kiasi kwenye inchi 24. Mpango ni kwamba Januari ijayo yeye apate 26, mdogo wake achukue 24 yake, na ile ya inchi 20 iuzwe pamoja na karatasi yake ya mauziano. Fundi amekwisha kutuambia kuna jirani anayeiulizia, na bei aliyoitaja haijashuka sana chini ya ile tuliyolipa.